Harusi Chini ya Turubai

Motria alipoitwa ofisi ya kijiji, harusi ya binti yake ilikuwa imebaki wiki moja, na unga ulikuwa tayari umechekechwa. Alikwenda hivyo hivyo, mikono myeupe hadi viwikoni, maana aliyeleta wito alisema ni sasa hivi, na pale Tykhivka, miaka ile ya sabini, "sasa hivi" ikitoka ofisini haikuwa na tafsiri mbili.

Alimkuta mwenyekiti wa kijiji, Hordiy, mtu aliyekua naye mtaa mmoja, akikwepa kumtazama. Kwenye kiti cha mwenyekiti alikaa mtu mwingine, mnene, mwenye koti safi, kutoka wilayani. Huyo ni Zabolotny, ambaye kazi yake ilikuwa kuwachunga watu wa dini wasije wakaongezeka. Alimkaribisha vizuri sana. "Karibu, ndugu Motria," alisema, na Motria akakaa. Neno hilo ndugu lilikuwa na kazi nyingi nchini mwao. Watu wa chama cha kikomunisti waliitana ndugu, na Wabaptisti nao, kule nyumbani kwa Mzee Samiylo walikokutana kusali, waliitana ndugu. Ilitegemea tu limetoka kinywa gani.

Zabolotny alieleza kwamba serikali haina ugomvi na harusi. Serikali inapenda harusi. Vijana waende wakaandikishe ndoa yao, waalike watu, wapige kinanda, wanywe vodka mpaka waisahau njia ya nyumbani. Kisichoruhusiwa ni mahubiri, maombi, kwaya, na watoto wa watu kukusanywa kusikiliza mambo hayo. Motria alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole iwapo wageni wakilewa na kung'oa mbao za uzio wapigane, kama ilivyotokea kwenye harusi ya mpwa wa Hordiy, itaruhusiwa. Zabolotny akasema hizo ni desturi za wananchi.

"Basi na sisi desturi yetu ni kuimba," akasema Motria.

Hordiy alikohoa ili asicheke. Zabolotny hakucheka. Aliinamia meza, akaongea polepole kama mtu anayemhurumia mgonjwa. Alimkumbusha kwamba mume wake tayari yuko kambini kaskazini, na kwamba mbali na huyo bibi harusi ana watoto wanne wadogo nyumbani. Mahakama, alisema, inaweza kuona kwamba mama wa namna hii hafai kulea. Yako mabweni mazuri ya serikali.

Maneno hayo yalimwingia Motria kama maji ya kisima wakati wa baridi. Alimfahamu mama mmoja wa kijiji cha ng'ambo ya mto, Mbaptisti kama yeye, aliyechukuliwa watoto wawili mchana kweupe. Alitembea hadi nyumbani bila kuiona njia. Alipofika alikaa kwenye kizingiti, akamwita Lida, binti yake mkubwa, akamweleza yote bila kuficha. Akamwambia kwamba wanaweza kufanya kimya kimya: wao wenyewe tu, na Yakiv mchumba wake, na wazazi wa Yakiv, na sala fupi milango ikiwa imefungwa. Mungu anasikia hata mnong'ono.

Lida alikuwa anamenya vitunguu. Hakuwa msichana wa maneno mengi. "Mama," alisema, "baba alifungwa kwa kuwafundisha watoto nyimbo. Nikiolewa kwa kunong'ona, siku akirudi nitamwangaliaje usoni?"

Motria akalitazama rundo la vitunguu. Kisha akasema kwamba vitunguu hivyo havitatosha, aongeze.

Wiki hiyo wema ulianza kuja kutoka pande ambazo hakuzitazamia, na hilo ndilo alilolisimulia baadaye kuliko vitisho vyote. Majirani wa Kiorthodoksi, ambao kwa kawaida waliwaita Wabaptisti "Mashtunda" na kusema kwamba imani yao imeletwa na Wajerumani, walianza kupita mmoja mmoja. Mmoja aliacha ndoo ya krimu nyuma ya mlango, akaondoka bila kubisha. Mwingine alileta benchi nne akidai zinamjazia nafasi bure, wangemsaidia sana wakikaa nazo mpaka Jumatatu. Bibi Yavdokha, aliyeoka mikate ya harusi kijijini kwa umri wake wote, alimtumia ujumbe Motria: ofisini wamemkataza kumwokea mkate, lakini hakuna aliyemkataza kutembelea jiko la mtu na kukaa hapo akitoa amri. Akaja, akakaa, akatoa amri kutwa nzima. Mkate ule, korovai, ulitoka mkubwa kama gurudumu, juu yake ndege na masuke ya unga, ukang'aa kwa yai. Bibi Yavdokha aliutazama, akajisifu kwamba hata Mashtunda wanaweza kuoka vizuri wakipata msimamizi.

Jumamosi umeme ulikatwa, nyumba ya Motria peke yake. Jumapili asubuhi polisi waliifunga barabara ya kuingilia kijijini. Waliyageuza mabasi na malori, na pikipiki wakazitoa upepo matairi. Motria alisimama langoni na aproni yake akitazama barabara tupu. Meza zilikuwa tayari uani chini ya turubai kubwa la kijani lililokodiwa wilaya nyingine, kwa kuwa mawingu yalikuwa mazito. Supu nyekundu ya bitiruti ilikuwa inachemka sufuria tatu. Akafikiri, chakula hiki chote, nani atakila.

Hapo ndipo alipoona shamba la alizeti la upande wa pili likitikisika. Upepo haukuwepo. Alizeti zilitikisika safu baada ya safu, kisha akatokea mwanamume aliyebeba viatu mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini, mkanda wa kinanda begani. Nyuma yake wanawake na vitambaa vyeupe vya kichwa, watoto, mzee mmoja amebebwa mgongoni na mjukuu wake. Wengine walikuwa wameshuka kwenye treni vituo viwili mbele, wakakata mashambani kwa miguu. Walikuwa na matope hadi mapajani, na nywele zao zimejaa chavua ya manjano. Walikuja wakicheka. Motria alisimama na ndoo ya maji na taulo, akawaosha miguu wale wazee, na machozi yalimtoka wazi wazi wala hakuyafuta. "Mbona unalia, dada?" mmoja alimuuliza. Akajibu kwamba ni vitunguu.

Ua ukajaa, na bado watu wakaingia. Yakiv, bwana harusi, fundi seremala mrefu mwembamba ambaye masikio yake yaligeuka mekundu kila alipomtazama Lida, aliketi kati ya wazazi wake. Mzee Samiylo, mzee wa kanisa, alisimama kufungua kwa sala. Alikuwa amekaa kambini mara mbili na meno yake mengi yalibaki huko, hivyo alihubiri kwa sauti ya filimbi kidogo, watu walishazoea. Kwaya iliimba. Mvua ikaanza, mvua nzito ya mwisho wa kiangazi, ikalipiga turubai kama ngoma, na kwaya ikapandisha sauti kuishinda.

Polisi waliingia katikati ya wimbo wa pili. Zabolotny alikuja nao, mwavuli mkononi, akasoma kwenye karatasi kwamba huu ni mkusanyiko usio halali na watu watawanyike. Mzee Samiylo alimjibu kwa heshima kwamba hii ni harusi, na kwamba ndugu Zabolotny akipenda, kiti kipo, na supu ni ya moto. Baadhi ya watu walicheka. Lingekuwa jambo la kuishia hapo, lakini Zabolotny hakutaka kuchekwa tena. Akawaamuru polisi wakate kamba za turubai na kung'oa nguzo.

Wakazikata. Nguzo zikaondolewa moja baada ya nyingine, na turubai, zito kwa maji, likashuka juu ya vichwa vya watu, juu ya maua, juu ya mkate. Watoto wakaanza kulia. Motria alikuwa na mtoto wake mdogo kifuani, akaona giza la kijani likimfunika, akafikiri, yamekwisha.

Halafu turubai likainuka. Hakujua nani alianza. Yakiv alisema alikuwa baba yake. Baba yake alisema si yeye. Wanaume walisimama walipokuwa wamekaa, wakanyoosha mikono juu, wakalisukuma turubai kwa viganja vyao mpaka likawa dari tena. Wafupi walipanda juu ya benchi. Maji yaliwatiririkia kwapani, ndani ya mashati ya harusi, mpaka viatuni. Wakabaki hivyo. Wanaume ndio wakawa nguzo.

"Endelea, ndugu Samiylo," mmoja alisema. "Ila usihubiri kama Jumapili iliyopita."

Mzee Samiylo akaendelea. Alihubiri mafupi kuliko siku yoyote maishani mwake. Lida na Yakiv walisimama mbele yake chini ya mikono ile yote iliyotetemeka kwa uzito, wakaulizwa, wakajibu. Lida alijibu kwa sauti kubwa, yeye ambaye hata kuku walimzidi kelele. Motria alitazama juu, akaona viganja vya watu anaowajua na asiowajua, vya wakulima, vya mafundi, kimoja hakina vidole viwili. Akajikuta anasema moyoni, asante, asante, bila kuongeza neno. Alikuwa amezoea kuomba. Miaka miwili aliomba tu, mchana na usiku: mlinde mume wangu Trokhym, walinde watoto. Siku hiyo hakukumbuka la kuomba.

Polisi walijaribu kuwavuta wanaume wale, lakini ukimvuta mmoja wawili wanashika nafasi yake, na polisi wenyewe walikuwa vijana wa vijiji jirani, wanaloana, na harufu ya vitumbua vya kabichi ilikuwa inawatesa. Basi Zabolotny akatuma mtu kwenye karakana ya shamba la ujamaa. Baada ya muda mlio wa trekta ukasikika njiani.

Aliyeliendesha ni Panas. Huyu Panas kila mtu alimjua. Alikuwa dereva bora wa trekta kijijini na mlevi wa kadiri, wa Jumamosi na sikukuu, na hakuna aliyewatania Mashtunda kama yeye alivyowatania. Akimwona Motria dukani aliuliza kwa sauti kama ni kweli kwamba mbinguni hakuna vodka, maana kama hakuna, yeye ameshaamua. Amri yake siku hiyo ilikuwa rahisi: aingie kwa lango, afunge nyaya kwenye turubai, aburute kila kitu hadi barabarani, turubai, meza, na vilivyomo. Watu watakimbia wenyewe.

Trekta likaangusha lango. Kati ya lango na watu ilikuwepo meza ya mwisho, ile ya mikate, kwa sababu Bibi Yavdokha alitaka kila anayeingia aione. Turubai lilikuwa limeteleza upande huo, na korovai ilikaa pale kwenye mvua, ndege zake za unga zimeanza kulainika. Hakuna aliyekuwa na muda wa kuiondoa. Magurudumu makubwa yalifika hatua moja mbele ya meza.

Yakasimama.

Zabolotny akauliza kwa nini amesimama. Panas, juu kule kitini, alikuwa anaitazama meza.

"Kuna mkate," alisema.

"Naona. Pita."

"Kuna mkate hapo, ndugu mkuu. Uondoe kwanza."

"Wewe ndiye uliyeletwa kuondoa. Pita juu yake."

Panas akazima injini. Kukawa kimya, mvua tu. Akavua kofia yake, kama mtu aliyeingia nyumba yenye msiba, akashuka, akapita kati ya polisi bila kusukumana na mtu, akaenda zake nyumbani kwa miguu katikati ya matope. Zabolotny alimwita mara kadhaa. Kisha akaamuru polisi mmoja aliendeshe trekta, lakini lilikuwa trekta kuukuu lenye tabia zake, halikumkubali mtu ila Panas. Kijana wa watu alihangaika nalo mpaka likatoa moshi mweusi na kunyamaza kabisa. Lilikaa pale langoni mpaka Jumatano. Kuku wa Motria walilipenda. Walilala juu yake.

Zabolotny hakutaka kuondoka mikono mitupu. Walimchukua Mzee Samiylo na Yakiv. Walimkamata bwana harusi akiwa bado na tawi la maua kifuani, wakamtia kwenye gari, na masikio yake yalikuwa mekundu kuliko wakati wowote. Walihukumiwa wiki mbili za mahabusu, kwa fujo mahali pa wazi. Ilikuwa adhabu ndogo kwa nchi ile, na Wabaptisti walijua kuhesabu neema.

Gari lilipoondoka watu walimgeukia Lida. Lida aliitazama barabara, akaangalia pete kidoleni. Kisha akauliza kama kuna mtu aliyekula, kwa sababu yeye ana njaa tangu jana. Basi wakateremsha turubai, wakahamishia sufuria ndani ya nyumba na ghalani, wakala wakiwa wamesimama, wamekaa madirishani, wakalia kidogo, wakaimba. Kipande cha kwanza cha korovai, chenye maji ya mvua, Motria alikifunga kwenye kitambaa. Kesho yake Lida alikipeleka mahabusu, akakaa nje ya geti na gauni lake la kawaida mpaka askari mmoja akachoka kumwona, akakiingiza.

Wiki mbili zilipita, Yakiv akarudi, ameota ndevu, na maisha yao mapya yakaanza. Lakini kwa Panas mambo yaliharibika. Walimnyang'anya trekta, wakampeleka zizini kuzoa mavi ya ng'ombe, zamu za alfajiri na za jioni. Malipo ya ziada ya mavuno hakupata. Mkewe, Hafia, alikuwa mgonjwa wa mgongo, na viazi vyao vilikaa ardhini huku baridi inakaribia. Motria alisikia haya kisimani. Jioni moja alichukua chupa ya maziwa na mkate, akaenda.

Alimkuta kwenye ngazi ya nyumba yake akivua mabuti. Harufu ya zizi ilitangulia salamu.

"Mama Motria," alisema Panas, "kama umekuja kunihubiria, nina mabuti ya kusafisha."

"Sijaja kuhubiri. Nimekuja kushukuru."

"Usinishukuru. Sikufanya kwa ajili ya huyo Mungu wenu."

"Najua. Mungu nimeshamshukuru. Nimekuja kukushukuru wewe."

Panas aliligonga buti kwenye ngazi, matope yakaanguka. Kisha akaanza kusema, akilitazama buti. Mwaka wa arobaini na saba, ule wa njaa, alikuwa na umri wa miaka minane, na mdogo wake, Paraska, mitano. Mama yao alikuwa anawapa mashudu ya alizeti, yale wanayolishwa ng'ombe, kipande kimoja asubuhi. Siku moja yeye alikula cha kwake, na Paraska akasema atakiweka chake mpaka jioni ili awe na kitu cha kungojea. Jioni walimkuta amekishika.

"Hakukila," alisema Panas. "Mama alikitoa mkononi mwake akanipa mimi. Nikala." Akavaa buti tena bila sababu. "Yule mnene na mwavuli wake ananiambia pita juu yake. Nipite juu ya mkate. Mtu huyo sijui alilelewa wapi."

Mwaka huo Motria naye alikuwepo; nani wa umri wao hakuwepo? Kuna watu husema adui yako mwombee njaa. Waliokua Tykhivka hawasemi hivyo, hata juu ya adui.

"Sasa unajua wananiitaje zizini?" Panas aliendelea, na sauti yake ikarudi ile ya dukani. "Shtunda. Mimi! Ninavuta, ninakunywa, nimemtukana kila mtu kuanzia mwenyekiti, na wananiita Shtunda. Jana mmoja ameniomba nimwombee fahali anayekohoa."

Motria alicheka mpaka akashika nguzo ya ngazi, na Panas, akijaribu kukunja uso, akashindwa.

"Na fahali?" aliuliza Motria.

"Amepona. Ndilo linaloniudhi."

Jumamosi iliyofuata, Panas alitoka zizini akakuta bustani yake imejaa watu. Mzee Samiylo alikuwepo na jembe, na Yakiv, na Lida, na akina mama wa kwaya wenye ndoo. Alisimama penye uzio akafoka kwamba hakumwita mtu, kwamba haya ni maonyesho ya dini kwenye ardhi ya mtu asiyeamini, kwamba atashitaki. Yakiv alimwambia ashitaki Jumatatu, leo viazi vitaharibika. Wakachimba. Baadaye dirisha lilifunguliwa na Hafia akauliza kutoka kitandani kama watu hawa wanajua tu kuchimba au ule wimbo wa harusini pia wanaujua, maana siku ile aliusikia kwa mbali tu, mvua ilimharibia. Wakauimba wakiwa wameinama. Panas alikwenda nyuma ya nyumba kuvuta sigara, akakaa huko mpaka wimbo ulipokwisha.

Mwezi uliofuata Motria aliruhusiwa kumwona mumewe. Safari ilikuwa ndefu, treni tatu, na mahali pa mwisho hapakuwa na kituo, ni theluji na mbao tu. Njia nzima alikuwa akipanga atakavyomweleza Trokhym kuhusu vitisho, kuhusu mabweni ya serikali, kuhusu uchovu wake. Alihisi kwamba kuna mambo mke anaweza kuyaweka mbele ya mume tu.

Waliketi meza moja, ubao katikati, na mlinzi kijana kando yao. Mlinzi alisoma masharti: hakuna kuzungumza kesi, hakuna kuzungumza dini. Trokhym alikuwa amekonda, na nyusi zake zimeota mvi, lakini alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeficha zawadi. "Basi nieleze harusi," alisema. "Usiruke kitu. Anza na chakula."

Motria akaanza. Alieleza supu na vitunguu, kabichi zilizoviringishwa wali, vitumbua vingapi Bibi Yavdokha alivikataa kwa kuwa si sawasawa. Trokhym alifumba macho akisikiliza, mara akiuliza krimu ilikuwa nzito kiasi gani, nani alikaa na nani. Alieleza alizeti zilivyotikisika. Alipofika kwenye turubai alisema tu kwamba nguzo zilianguka, wanaume wakasimama wakaliinua kwa mikono. Trokhym akafunika uso. Akamwomba alirudie hilo. Akalirudia. Akaeleza Panas, na mkate, na injini iliyozimwa.

Mlinzi alikuwa akitazama ukuta muda wote. Muda wa ziara ulipita na hakusema. Kisha akakohoa.

"Na hilo trekta," aliuliza, "lilitoka lini?"

"Jumatano," alisema Motria. "Kuku walikasirika."

Kijana yule alicheka, akakumbuka alipo, akauvuta uso. Alisema muda umekwisha. Lakini hakuwahimiza kusimama, na Trokhym akapata nafasi ya kumshika mkewe mikono yote miwili, jambo ambalo masharti hayakuliruhusu. Ni pale nje tu, akifunga kitambaa chake dhidi ya upepo, Motria alipogundua kwamba yale aliyokuja kuyalalamikia hakuyasema hata moja. Hayakuwa yamekwisha, Zabolotny bado alikuwa na kiti chake wilayani. Ila alipofungua kinywa, shukrani ndiyo iliyotangulia kutoka, na ilikuwa ndefu kiasi kwamba nafasi ya mengine haikubaki.

Watoto hawakuchukuliwa. Alikuja mwalimu na mama mmoja wa ofisini kukagua nyumba, na Hordiy aliandika kwamba watoto ni safi, wameshiba, na wa mwisho amemwuma mkaguzi kidole lakini bila chuki ya kisiasa. Majira ya kupanda yalipofika Panas alirudishiwa trekta lake, kwa sababu ardhi haingoji na trekta lile halikuwasikiliza wengine. Hakuwahi kuokoka. Alipita Jumapili mbele ya nyumba ya Mzee Samiylo, akasimama kidogo wakiimba, akaenda zake.

Mwaka uliofuata, mchana mmoja wa Mei, Trokhym aliingia uani na mfuko wa nguo mgongoni. Walimzunguka wote, Lida na mimba yake kubwa, Yakiv na masikio yake, watoto wanne ambao mdogo wao hakumtambua na alitaka kujua mzee huyu ni nani. Motria alipakua supu. Wakasimama mezani, na Trokhym akaanza kushukuru. Alimshukuru Mungu kwa njia, kwa mlango, kwa kila mtoto kwa jina lake. Akaja kwa mikono iliyoshika turubai, akataja wale aliowajua na kuwaombea asiowajua, akataja benchi nne na ndoo ya krimu. Akamtaja Panas, na Hafia na mgongo wake. Akamtaja mlinzi kijana, ambaye jina lake hakulifahamu. Akamtaja na Zabolotny, hapo sauti ikapungua, lakini alimtaja.

Mtoto wa mwisho alivuta aproni ya mama yake akanong'ona kwamba supu inapoa. Motria alimwekea mkono kichwani. Hakumharakisha mume wake. Supu iliwezekana kupashwa moto tena.